Ng'ombe Katika Mkebe wa Tatu

Vijana mnaoingia masjala sasa mnakuta kompyuta mezani, na mnaambiwa kwamba jalada haliwezi kupotea tena. Hata mimi nimeambiwa. Siku nilipokwenda kuaga ofisini, kijana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi barabara alinionyesha: unaandika namba, unabonyeza, na karatasi zote za mtu zinatokea mbele yako kwa mpangilio wa tarehe. Nilikiri kwamba ni jambo zuri, kwa sababu ni zuri. Kisha nikamuuliza, "Na yule mama aliyeketi kwenye benchi pale nje, anaonekana humo?" Alicheka, akadhani ninamtania. Sikuwa ninatania, na kwa kuwa sikupata nafasi ya kumweleza, ninaandika sasa, nikiwa nyumbani kwangu Unyambwa, alizeti imekwisha vunwa na sina cha kukimbilia.

Kwa asiyejua, masjala ni chumba ambacho kila barua inayoingia ofisini hupitia. Karani huipokea, huiandika katika rejista, huitafutia jalada lake, huifunga humo kwa uzi, huipa namba kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu kulia, kisha hulipeleka jalada kwa afisa anayehusika. Afisa hasomi barua, anasoma jalada. Lililomo ndani ya jalada lipo duniani, na lisilokuwamo halipo, hata kama mwenye shida amesimama dirishani analia. Huo ndio uwezo mliokabidhiwa, na ninawaomba muuogope kidogo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hamisi Njiku, karani mkuu wa ofisi moja ya wilaya upande wa reli. Ofisi yenyewe sitaitaja. Mzee Njiku alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kufumwa na miwani iliyofungwa kwa uzi uleule wa majalada. Mwaka wangu wa kwanza alikwenda likizo ya wiki mbili, nami nikaamua kumfurahisha. Nilishusha majalada yote rafuni, nikayafuta vumbi, nikayapanga upya kwa ukubwa na kwa rangi. Chumba kikapendeza kama duka la vitambaa. Aliporudi alisimama mlangoni, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Ntandu."

"Naam, mzee."

"Jalada la visima liko wapi?"

"Lile la kijani, mzee? Liko pamoja na ya kijani."

"Na ya kijani yapo mangapi?"

"Yanafika mia mbili, mzee."

"Haya. Mwenye shida ya kisima akija tutamuuliza anapenda kijani ipi."

Hakunifokea. Alisema tu, "Kesho usiingie humu ndani. Utakaa kwenye benchi na wenye shida, tangu tunapofungua mpaka tunapofunga. Usisome gazeti."

Nilikaa. Jua la saa sita lilitupata pale pale, kwa kuwa aliyejenga ile baraza hakuwahi kuikalia. Mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili kwenye tenga alinisogezea nafasi, akaniuliza, "Na wewe umefuata nini, mwanangu?"

"Mimi ni karani wa humu ndani, mama."

Akaniangalia juu hadi chini, kisha akawageukia wenzake. "Jamani! Kumbe hata wenyewe wanasubiri!"

Benchi zima lilicheka, na kuku nao wakaamka. Lakini nilijifunza jambo ambalo nisingelijua kamwe nikiwa ndani. Dirisha letu lilikuwa juu mno. Ukiwa kwenye benchi, unachokiona cha karani ni mikono yake miwili tu. Uso wake huuoni. Na ukiwa ndani, unachokiona cha mwenye shida ni paji la uso. Tulikuwa tumehudumiana kwa miaka namna hiyo, mikono na mapaji.

Niliporithi kiti cha Mzee Njiku nami nilimkalisha kila karani mpya kwenye benchi siku moja nzima. Wawili walinishtaki kwa mkuu wa idara. Sikuacha.

Hata hivyo, benchi hilo nilikuwa nimekwisha kuliona kabla, bila kulielewa, likiwa kwenye filamu ukutani.

Kabla ya kuajiriwa nilipelekwa mafunzo ya wiki tatu katika chuo kimoja cha mkoa wetu, mimi na makarani wengine ishirini na kitu. Mmoja wa walimu alikuwa mama mgeni kutoka mojawapo ya nchi za kaskazini mwa Ulaya. Tulimwita Mama Karini. Alikuwa mrefu, alivaa kandambili, na Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko chetu, jambo ambalo lilituudhi. Alasiri moja alitundika shuka ukutani, akaziba madirisha kwa mablanketi ya bweni, akaleta mashine ya kuonyeshea filamu na mikebe mitatu ya bati iliyoandikwa 1, 2 na 3. Joto la mle ndani lilikuwa la kuokea mikate.

Filamu ilikuwa ya kale, isiyo na rangi, iliyopigwa kwao baada ya vita vikuu. Jina lake lilikuwa neno moja refu ambalo hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka mara mbili kwa namna moja. Tangu hapo nimesoma vitabu vingi, na nimewauliza wengi wenye ujuzi wa mambo hayo, na vijana wangu wamenitafutia kwenye simu zao. Sijampata mtu anayeifahamu. Mama Karini alisimama kando ya shuka akitutafsiria kila neno kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: "Mama anasema, habari za asubuhi. Karani anasema, njoo Jumatatu."

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Wakati wa vita, mama mmoja alimpeleka mwanawe wa miaka minne ng'ambo ya mpaka, akalelewe na familia nyingine mahali salama. Vita vimekwisha. Anamtaka mwanawe, na ili mtoto arudi inatakiwa karatasi moja yenye mihuri miwili. Kila mwezi mama anakwenda dirishani. Kila mwezi anaambiwa bado. Nyumbani anapokea barua za mtoto: ya kwanza ina michoro na maneno machache ya lugha yao, ya pili maneno yamechanganyika, ya tatu inabidi aipeleke kwa mwalimu amsomee, maana mwanawe sasa anaandika lugha ya wale wanaomlea.

Ninawaambia tulivyoitazama ili mtufahamu. Karani wa kwenye filamu alipomrudishia yule mama fomu kwa sababu ilikosa sahihi, sisi tulipiga makofi. "Kiambatisho! Hajaleta kiambatisho!" alipaza sauti mwenzetu mmoja wa Iramba, na ukumbi ukamuunga mkono. Tulimpenda yule karani. Alikuwa nadhifu, rejista yake ilikuwa safi, hakumtukana mtu, hakuomba kitu. Alikuwa vile tulivyotaka kuwa.

Kisha picha ikafanya jambo ambalo macho yetu hayakulitarajia. Ikapita juu ya kaunta, ikaingia ndani, ikazunguka nyuma ya karani. Kwenye meza iliyo mgongoni mwake kulikuwa na trei, na juu ya trei kikombe cha kahawa, na chini ya kikombe karatasi ya mtoto. Muhuri wa kwanza umekwisha kupigwa. Mwenye muhuri wa pili alikwenda likizo, akaiacha pale, na hakuna aliyeambiwa.

Ukumbi uligeuka. Yule yule wa Iramba alisimama juu ya kiti. "Iko nyuma yako! Geuka, bwana! Iko nyuma yako!" Tulikuwa tunapiga kelele kama watu wanaomwona ndama akienda kisimani.

Mkebe wa pili ulikwisha yule mama akiwa ameweka kiganja chake juu ya kaunta, na karani akiwa ameanza, polepole, kugeuza shingo.

Mama Karini akafungua mkebe wa tatu, akafunga utepe kwenye mashine, akazima taa. Shuka likajaa ng'ombe. Ng'ombe wenye nundu, mmoja baada ya mwingine, wakajitosa kwenye josho, maji yakaruka, na mfugaji mmoja akaonekana akihesabu kwa fimbo. Kwanza tulidhani hadithi inaendelea. Kisha mtu gizani akasema, "Basi mama wa watu ameamua kufuga." Tulicheka hadi wengine wakatoka nje.

Mama Karini hakucheka. Aliushika mkebe, akausoma. Ulikuwa umeandikwa 3, na chini yake jina lile refu, kwa mwandiko wa kupendeza. "Aliyefanya hivi ni mtu nadhifu," alisema. "Tazameni herufi zake." Tulimwomba atueleze mwisho. Alikataa. Alisema sisi ndio tutakaofanya kazi ile, kwa hiyo kila mmoja aseme mwisho anaoujua. Mimi nilisema karani anageuka, karatasi inapatikana, mtoto anarudi. Wengi walisema hivyo. Mwenzetu mmoja wa Manyoni, Bi Salome, alisema, "Mtoto anarudi, lakini anamsalimia mama yake kama mgeni."

Tulimzomea. "Wewe Salome una roho ya chuma!"

"Mnauliza mwisho," akajibu, "au mnauliza mnachokitaka?"

Mama Karini aliahidi kuandika barua kwa idara ya mifugo, wenye filamu ile ya josho, kuuliza mkebe wetu uko wapi. Aliandika, niliiona nakala. Jibu halijafika mpaka leo.

Sasa niwaeleze juu ya jalada la muda, kwa maana ndilo lililoniangusha, na hata katika kompyuta zenu lipo, ingawa linaitwa jina jingine.

Jalada la mtu likitafutwa lisionekane, kazi haisimami. Karani hufungua jalada la muda, lenye karatasi ya buluu juu yake, na mambo mapya huwekwa humo. Siku jalada halisi linapopatikana, sharti ni moja: siku hiyo hiyo, kabla ya chai na kabla ya salamu, unaunganisha majalada mawili kuwa moja, unazipa karatasi namba mpya, na unaandika katika rejista kwamba la muda limefutwa. Mzee Njiku alikuwa akisema kwamba mtu mmoja akiwa na majalada mawili amekuwa watu wawili, na ofisi itamhudumia yule asiyekuwapo.

Nilikuwa karani mkuu nilipomjua Naomi. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja ndani kabisa ya vichaka vya Itigi, mahali ambapo gari la dawa hufika mvua ikiruhusu. Aliomba uhamisho kwenda Nduguti, wilaya ya Mkalama, ambako ofisi zilikuwa bado zinanukia rangi. Alisimama dirishani na vumbi la pikipiki hadi kwenye kope.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Umeambatisha sababu?"

"Nimeambatisha. Ila niseme na kwa mdomo, wasije wakafikiri ninakimbia pori. Pori nimelizoea. Mama yangu yuko kijiji cha karibu na Nduguti, na anasahau. Daktari amesema ugonjwa wenyewe haurudi nyuma. Alianza na majina ya wajukuu. Sasa amefika kwa shemeji zangu. Nataka nifike nyumbani kabla hajafika kwangu."

Nilimwelewa, na ninaapa kwamba nilimhurumia. Nilitafuta jalada lake, sikuliona. Nikafungua la muda, nikaweka ombi lake, nikalipeleka kwa afisa utumishi wetu, Bwana Kiula, ambaye siku hiyo hiyo aliandika kwa wenzetu wa Nduguti akiuliza kama watampokea. Hakuna aliyezembea. Baada ya wiki mbili jalada halisi likapatikana chini ya meza ya afisa aliyekuwa masomoni, likiwa limewekwa chini ya mguu mmoja ili meza isiyumbe.

Siku hiyo nilipaswa kuyaunganisha. Sikuyaunganisha kwa sababu kalamu ya wino mwekundu ilikuwa imekwisha. Msicheke. Namba za karatasi huandikwa kwa wino mwekundu peke yake, na mimi nilikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Ghala lilitaka fomu, fomu ilitaka sahihi, na mwenye sahihi alikuwa Dodoma. Nililiweka jalada halisi rafuni nikisema nitaliunganisha kalamu ikija. Kalamu ilikuja baada ya siku nne, ikiwa na kazi ya siku nne nyuma yake.

Nduguti walijibu kabla mwezi haujaisha: wanamhitaji muuguzi, aje hata kesho. Barua yao ilikuja pamoja na nyingine nyingi siku ya Ijumaa. Niliisoma namba ya jalada, nikalitoa jalada halisi rafuni, nikaifunga barua humo, nikaipa namba yake nyekundu, 37. Kisha nikaangalia rejista nione jalada lipelekwe kwa nani. Rejista ilisema jalada la Naomi liko kwa Bwana Kiula. Ilikuwa kweli, lililokuwa kwake ni la muda. Na mimi, nikiwa nimelishika jalada halisi kwa mikono yangu miwili, niliiamini rejista. Nikajisemea kwamba basi afisa analo, hakuna haja ya kupeleka. Nikalirudisha rafuni.

Kosa hilo hawezi kulifanya mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida angeona kitu mkononi mwake na kuamini mkono wake.

Kilichofuata kilikuwa kizuri kwa kutazama. Kila mwezi, tarehe iliyoandikwa, nilitoa la muda na kulipeleka kwa Bwana Kiula. Hakuna tarehe niliyoikosa. Nilisifiwa kikaoni kwa hilo. Bwana Kiula hufungua, hutafuta jibu la Nduguti, haoni, huandika, "Tusubiri. Lirejeshwe mwezi ujao." Kila mwezi Naomi hutoka porini, hukaa kwenye benchi, huja dirishani. Nilimwambia kwa upole, "Bado, dada. Jibu halijafika." Mara moja aliniletea chupa ya asali. Nilimrudishia, nikamweleza kwa nini, na nilikwenda nyumbani nikijiona mwadilifu.

Mwezi wa nane tangu aombe alikuja, hakuuliza kitu. Aliweka kiganja chake juu ya kaunta.

"Jana nimempigia mama simu," alisema. "Nimemwambia, mimi Naomi. Halafu akaniuliza, Naomi wa kwa nani?"

"Pole, dada."

"Baadaye alinikumbuka. Alicheka, akasema simu inakoroma. Lakini nimesikia, kaka. Amefika kwangu."

Niliangalia kile kiganja. Sikumbuki kuwa nilifikiri lolote. Nilichosikia ni sauti ya yule karani wa Iramba, aliyesimama juu ya kiti gizani, akinipigia kelele mimi. Nikageuka.

Rafu ilikuwa nyuma yangu, hatua tatu. Jalada halisi lilikuwa mahali pake halali, kwa namba yake halali. Nilifungua karatasi ya 37. Wanamhitaji muuguzi, aje hata kesho. Ilikuwa na miezi saba.

Nililipeleka kwa Bwana Kiula. Alikuwa mtu mwema, na alilolisema alilisema kwa wema. "Ntandu, yaunganishe sasa hivi, nami nasaini barua yake ya kuruhusiwa kabla ya saa nane. Aende. Ila hili la lini barua ya Nduguti iliingia, usiliandikie dokezo. Jina lako liko kwenye orodha ya kupandishwa daraja."

"Na jalada litasema nini, bwana?"

"Litasema ameruhusiwa. Unataka liseme nini tena?"

Nimekuwa mtu wa vitabu tangu ujana, na siku zote nimewahukumu watu wa vitabuni kwa urahisi sana. Siku ile nilikaa mbele ya karatasi kama dakika kumi. Lililonisumbua halikuwa daraja peke yake. Nilijua kwamba nikiandika, nitasomwa na watu ambao hawajazaliwa, na watanijua kwa kosa hilo tu. Kisha nikajua pia kwamba nisipoandika, atakayesoma atafikiri Nduguti walichelewa. Watu waliojibu ndani ya mwezi wangebeba miezi yangu saba. Nikaandika: "Barua namba 37 ilipokelewa na mimi, ikahifadhiwa na mimi pasipo kupelekwa kwa afisa, kwa kuwa sikuunganisha majalada siku niliyopaswa. Ucheleweshaji wote ni wangu." Nikatia sahihi.

Nikatoka nje. Sikumwita dirishani, nilikwenda kukaa kwenye benchi, kando yake, nikamweleza yote, pamoja na habari ya kalamu. Alinisikiliza akitazama mbele.

"Miezi saba," alisema.

"Miezi saba, dada."

"Ilikuwa hapo ndani, mimi nikiwa hapa nje."

"Ndiyo."

Nilimngoja anitukane. Aliuliza tu basi la kesho la kwenda Singida linapita saa ngapi.

Daraja nililipata, lakini baada ya miaka miwili. Barua ya onyo niliyoandikiwa niliipokea mwenyewe masjala, nikaiandika katika rejista, nikaifunga katika jalada langu na kuipa namba kwa wino mwekundu. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri sana.

Vijana, mtaambiwa na wengi kwamba ofisi huharibiwa na wala rushwa na wavivu. Huharibiwa nao, na muwakatae. Lakini mimi sikuwa mvivu, na asali niliirudisha. Niliwahi kazini, nilitunza tarehe, nilijibu kwa adabu, na kwa mikono hiyo hiyo safi nilimfungia mtu mlango miezi saba. Kwa hiyo nawapa mambo machache ya kufanya. Mwenye shida akirudi mara ya tatu kwa jambo lile lile, usimjibu kutoka kwenye rejista wala kwenye kioo cha kompyuta. Simama, ukatafute karatasi yenyewe. Ukifungua jalada la muda, liandike jina lake kwenye mkono wako kama unaweza. Kalamu nyekundu ikiisha, tumia nyeusi, na ueleze baadaye. Ukikosea, andika kwamba umekosea, pale pale palipo na kosa, ili lisimwangukie jirani.

Mwaka uliofuata nilitumwa Nduguti kuwasaidia makarani wapya kupanga masjala yao. Jumamosi niliuliza kwa Naomi, nikaonyeshwa. Nilimkuta amevaa khanga, anasonga ugali wa mtama. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, anachambua majani ya mlenda kwa vidole ambavyo havikuwa vimesahau kitu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba. Karibu. Wewe ni wa wapi?"

"Natoka ofisini, upande wa Itigi."

Aliacha majani. "Itigi! Basi Mungu amekuleta. Mimi nina binti yangu huko, muuguzi, anaitwa Naomi. Anataka kuja nyumbani, lakini kuna barua hawajampa." Akaniinamia, akapunguza sauti, akamwonyesha Naomi kwa kidevu. "Huyu nesi ni mwema sana, ananiogesha, ananipikia. Lakini si wangu. Nisaidie barua ya binti yangu."

Nilimwangalia Naomi. Hakuyatoa macho kwenye sufuria.

"Barua imetoka, mama," nilisema. "Ameruhusiwa. Niliiona mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi atakuja na njaa," alisema mama, akarudia majani yake akiwa amefurahi.

Chakula kilipoiva mama alijipakulia mwenyewe, kisha akachukua sahani nyingine, akaweka ugali na mlenda, akaifunika kwa sahani ya bati na kuisogeza kando. "Hii isiguswe," alimwambia Naomi. "Ni ya Naomi."

"Sawa, mama."

Tulipotoka nje kuagana nilitaka kumwomba radhi upya. Naomi akanizuia kwa mkono.

"Kila siku anamwekea binti yake chakula," alisema. "Akishalala mchana, mimi ndiye ninayekila."